Hati ya Tuzo ya Chicago na Namna ya Kuifanyia Nakala

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za karatasi moja. Huenda wengine wakauliza, karatasi yaweza kuwa na historia gani? Twawaomba mtusikilize kidogo, kwa kuwa karatasi hii imeishi kuliko majumba yaliyoizaa.

Mwaka 1893, tangu tarehe 1 Mei hata tarehe 30 Oktoba, Wamarekani walifanya Maonyesho makubwa ya ulimwengu katika mji wa Chicago, ili kukumbuka miaka 400 tangu Columbus alipofika pande zile. Milango ya Maonyesho hayo ilipitwa zaidi ya mara milioni 27. Majumba yake yalikuwa meupe na ya fahari, lakini kuta zake nyingi zilifanywa kwa plasta iliyochanganywa na nyuzi, wala hazikukusudiwa kudumu. Mwezi wa Julai 1894 moto uliyala majumba yaliyo makubwa, yakawa majivu.

Watu waliokuwa wameleta vitu vyao huko walitazamia tuzo. Katika maonyesho mengi ilikuwa desturi kutoa dhahabu kwa wa kwanza, fedha kwa wa pili, na shaba kwa wa tatu. Wakubwa wa Chicago waliiacha desturi hiyo. Walikata shauri kwamba kila kitu kilichostahili kipewe nishani ya shaba ya namna moja, pamoja na hati yenye maneno ya mwamuzi, ya kueleza sifa za kitu hicho. Basi, hapo ndipo ilipo thamani ya hati. Nishani zote zalingana. Hati ndiyo isemayo ni nani aliyesifiwa, na kwa sababu gani.

Sura ya hati ilibuniwa na Will H. Low, na nakshi zake zikachorwa na Charles Schlecht, katika ofisi ya serikali ya Washington ichapayo noti za fedha. Watu hao wawili ndio waliofanya pia noti mashuhuri ya dola moja ya mwaka 1896, yenye picha ya Historia akimfundisha kijana. Lakini tuzo zilikawia. Upande mmoja wa nishani, uliobuniwa na Augustus Saint-Gaudens, ulionyesha kijana aliye uchi. Ukakataliwa, na Charles Barber akatakiwa kufanya mwingine. Washindi walingoja hata mwaka 1896. Majumba walimoshindania yalikuwa yamekwisha kuwa majivu, nao hawajashika chochote mkononi.

Sasa na tuseme mtu amerithi hati ya namna hiyo, nayo imeanza kukatika mikunjoni, naye ataka nakala. Afanyeje? Kwanza na aelewe jinsi yake ya asili ilivyofanywa. Mchoraji huchimba mistari katika bamba la chuma kwa chombo chembamba chenye ncha kali, akichora kila kitu kinyume, kama kionekanavyo kiooni. Hana rangi ya kijivu. Kivuli chote hutokana na mistari kuwa minene au myembamba, ya karibu au ya mbalimbali. Kisha wino hujazwa katika mistari, uso wa bamba hufutwa ukawa safi, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Wino hutoka umeinuka kidogo, hata kidole chaweza kuuhisi.

Upigaji chapa wa kawaida wa picha huigawa picha kuwa nukta ndogo. Ukitazama nakala kama hiyo kwa kioo cha kukuza, utaona mistari ya mchoraji imekatikakatika, na kivuli kimekuwa kama ukungu. Kwa hiyo yafaa hati ipigwe picha kwa ukubwa na usafi mwingi, ili kila mstari ubaki mstari. Kisha mistari hiyo ihamishwe katika bamba na kuchimbwa kwa dawa kali, na kupigwa chapa kwa njia ya kale. Hata leo, ambapo kompyuta yaweza kuisoma hati nzima kwa dakika chache, kazi ya kuitazama mistari mmoja mmoja yabaki kuwa kazi ya macho na subira.

Lakini liko jambo kubwa kuliko ufundi. Mahali penye doa palipofuta herufi za jina, fundi asikisie. Mwenye kuandika jina kwa kubahatisha amempa mtu tuzo ambayo mwamuzi hakumpa, na pengine amemnyang'anya aliyeistahili. Pengo na libaki pengo. Tena nyuma ya karatasi na iandikwe waziwazi kwamba hii ni nakala, na mwaka iliofanywa. Kadiri nakala inavyofanana na asili yake, ndivyo alama hiyo inavyohitajiwa. Pasipo alama, kazi njema ya leo yaweza kuwa udanganyifu mikononi mwa mwuzaji wa kesho.

Wale waliongoja miaka mitatu kupata neno la kweli juu ya kazi ya mikono yao. Nasi tulifanyiapo nakala neno hilo, tusiongeze wala tusipunguze.