Blagoje Vidinić: kocha aliyefikisha Léopards kwenye Kombe la Dunia

Hapa Kolwezi, ukitaja mwaka 1974 mbele ya wazee wa mpira, wengi wanarukia moja kwa moja yale mabao 9 ya Yugoslavia. Lakini kazi ya kocha wa siku ile, Blagoje Vidinić, haikuanza wala kuisha pale.

Alizaliwa Skopje mwaka 1934. Alikuwa kipa, akapata medali ya dhahabu ya Olimpiki na Yugoslavia kule Roma, 1960. Akiwa kocha, alikuwa na Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970 Mexico, kisha akaja kwetu, wakati nchi ikiitwa Zaire. Pamoja naye Léopards wakawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Machi 1974, kule Cairo, walichukua Kombe la Afrika mbele ya majirani zetu wa Zambia: 2-2, mechi ikarudiwa, 2-0. Mabao yote 4 alifunga Ndaye Mulamba.

Ujerumani Magharibi mambo yakageuka. Scotland walishinda 2-0. Wachezaji wakalalamika kwamba pesa waliyoahidiwa haijawafikia, na karibu wakatae kucheza tena. Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, Vidinić akakutana na nchi yake mwenyewe. Hata dakika 20 hazijafika, ilikuwa 3-0. Akamtoa Kazadi Mwamba, kipa wa Mazembe ya Lubumbashi, akaingia Tubilandu. Mechi ikaisha 9-0.

Watu wakauliza: kocha aliyekuwa kipa anamtoaje kipa wake namba moja mapema vile? Wengine wakaona amesaidia ndugu zake. Vidinić mwenyewe alisema baadaye kwamba amri ilitoka kwa afisa wa wizara. Mechi iliyofuata, na Brazil, Kazadi alirudi golini. Léopards wakafungwa 3-0 tu.

Baadaye Vidinić alifundisha Colombia. Alifariki Strasbourg, Desemba 2006.

Basi, ukisikia tena habari ya 9-0, kumbuka na Cairo: ni kocha yuleyule, wachezaji karibu walewale, miezi 3 tu katikati. Njo maana si vizuri kupima kocha kwa mechi moja, zaidi kama haijulikani nani alikuwa anaamua kwenye benchi.