Jozi mbili mbovu, moja nzuri

Wasomaji wangu, leo tuweke siasa pembeni. Nawaandikia kutoka Kingerikiti, wilaya ya Nyasa, zamani ikiwa sehemu ya Mbinga. Huku ni kwenye kahawa, na kahawa itanisaidia kueleza historia ya jambo gumu kidogo: fizikia ya kwanta.

Mwaka 1935 Einstein, Podolsky na Rosen waliandika makala ya kuikosoa fizikia hiyo. Kwa mujibu wake, chembe mbili zinaweza kufungamana kiasi kwamba ukipima moja, unajua hapohapo utakachokuta kwa mwenzake, hata akiwa mbali. Einstein hakuridhika. Mwaka 1964 John Bell alionyesha jinsi ya kumaliza ubishi kwa vipimo, na majaribio yaliyoanza 1972 yakathibitisha kwamba mfungamano upo. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2022.

Sasa mtauliza, sisi inatuhusu nini? Mwaka 1991 Artur Ekert alionyesha kwamba mfungamano unaweza kuzalisha ufunguo wa siri ambao mdukuzi akiuchungulia, anagundulika. Miaka mitatu baadaye Peter Shor akaonyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikiwa kubwa vya kutosha, itavunja funguo nyingi zinazolinda benki na intaneti. Ukiwa na pesa kwenye simu, inakuhusu.

Tatizo ni umbali. Katika mkongo mzuri, mwanga ukisafiri kilomita 100 hubaki asilimia 1 tu. Kwa kilomita 1,000 (kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa barabara ni zaidi ya hizo), hata ukirusha chembe bilioni 10 kila sekunde, utasubiri zaidi ya miaka 300 kupokea moja! Intaneti ya kawaida hutatua hilo kwa kuukuza mwanga njiani. Kwa kwanta haiwezekani: mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks kivyake, walithibitisha kwamba hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki.

Hata jozi zinazofika, hufika zimechafuka. Mwaka 1996 Charles Bennett, Gilles Brassard na wenzao wakaja na dawa: kuchuja. Hapa ndipo kahawa inapoingia. Mkulima wa Mbinga huchambua kahawa kwa kuitazama, mbovu anatupa. Kwenye kwanta huruhusiwi kuitazama jozi unayotaka kubaki nayo, maana kuitazama ni kuiharibu. Basi wanachukua jozi mbili, kila mtu upande wake anazigusanisha chembe zake mbili, kisha jozi moja inatolewa kafara kwa kupimwa. Wanapigiana simu. Majibu yakilingana, jozi iliyobaki ni bora kuliko zilivyokuwa mwanzo. Yakipishana, zote zinatupwa. Lakini kuna sharti: ubora wa kuanzia uzidi nusu. Chini ya hapo, njia hii haisaidii.

Mwaka 1998 Briegel, Dür, Cirac na Zoller walipendekeza vituo vya kupokezana njiani: gawanya safari, chuja kila kipande, kisha unganisha. Ila jozi ya kwanza lazima isubiri ya pili, na kusubiri kunahitaji kumbukumbu. Kumbukumbu za kwanta husahau.

Mwaka 2017 watafiti wa Delft, Uholanzi, walifanya kazi na kumbukumbu hizohizo mbovu. Walitumia almasi mbili: jozi ya kwanza ilihifadhiwa kwenye viini vya atomu za kaboni ndani ya almasi, huku wakijaribu kuipata ya pili. Kila jaribio liliichafua zaidi ile iliyohifadhiwa. Kwa hiyo wakaweka kikomo cha majaribio. Kikifika, wanatupa na kuanza upya. Na wakafanikiwa kuchuja.

Hilo ndilo limenikaa kichwani. Hawakusubiri kumbukumbu kamilifu. Walipima inasahau kwa kasi gani, wakapanga kazi iishe kabla haijasahau.

Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, tuliupokea kama wateja. Mtandao wa kwanta bado uko maabara na kwenye majaribio. Je, safari hii tutakuwa miongoni mwa wanaochuja, au tutasubiri tena bidhaa ikishafungashwa? Mnasemaje?