Kisasi cha rehani na wosia: Historia ya riwaya ya Wuthering Heights

Desemba 1847, mchapishaji wa London aitwaye Thomas Cautley Newby aliingiza sokoni kazi ya juzuu tatu. Mbili za kwanza zilikuwa riwaya moja, Wuthering Heights, ya mtu aliyejiita Ellis Bell. Ya tatu ilikuwa Agnes Grey ya Acton Bell. Newby hakuwalipa waandishi hao. Wao ndio waliotoa pauni 50 ili vitabu vyao vichapwe.

Ellis Bell alikuwa Emily Brontë, binti wa kasisi, mwenye umri wa miaka 29, mkazi wa kijiji cha Haworth huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Acton alikuwa mdogo wake, Anne. Emily hakuchapisha riwaya nyingine. Mwaka mmoja baadaye alikuwa kaburini.

Tangu hapo kitabu chake kimenadiwa kote duniani kuwa ni hadithi kuu ya mapenzi. Mapenzi yamo, tena ya kutisha. Lakini anayekisoma hadi mwisho hukuta pia kesi nzito ya mali: koo mbili, mashamba mawili, rehani, ndoa za hila, wosia na wakili aliyenunuliwa. Wasomaji wengi wamechelewa kuiona sehemu hiyo, na baadhi ya watengeneza sinema wameikata kabisa.

Yatima wa Liverpool

Mzee Earnshaw, mwenye nyumba ya Wuthering Heights iliyo juu kilimani kwenye upepo mkali, anakwenda Liverpool kwa miguu, maili 60 kwenda na 60 kurudi. Anarudi na mtoto wa kiume aliyemwokota barabarani na kumpa jina la mwanawe aliyefariki: Heathcliff. Mzee anampenda yatima huyo kuliko Hindley, mwanawe wa kumzaa. Catherine, binti wa nyumba, anashikamana naye hata wasitengane.

Mzee anapofariki, Hindley analipiza. Heathcliff anaondolewa masomoni na kutupwa shambani pamoja na vibarua. Catherine anakubali posa ya Edgar Linton, kijana tajiri wa Thrushcross Grange, jumba la kistaarabu lililo bondeni. Heathcliff anaondoka usiku bila kuaga. Anarudi baada ya miaka mitatu, amevaa vizuri na ana fedha ambazo riwaya haisemi zimetoka wapi.

Hapo ndipo kisasi kinapoanza, nacho kinakwenda kwa karatasi. Hindley, aliyefiwa na mke na kuzama katika ulevi, anacheza kamari na kukopa. Mkopeshaji ni Heathcliff, na dhamana ni ardhi ya Hindley. Hindley akifa, shamba lote liko rehani na yule aliyekuwa akifanya kazi na vibarua ndiye mwenye nyumba. Kabla ya hapo amekwisha kumtorosha Isabella, dada wa Edgar, akijua kwamba Edgar asipopata mtoto wa kiume, Grange itaangukia upande wa dada huyo.

Catherine anafariki akijifungua mtoto wa kike, Cathy. Miaka inapita. Heathcliff anamfungia Cathy nyumbani kwake mpaka akubali kuolewa na Linton, kijana mgonjwa ambaye Isabella alimzalia. Edgar, akiwa mahututi, anataka kubadili wosia ili mali ya binti yake ishikwe na wadhamini. Anaagiza wakili aitwe. Wakili huyo, Green, amekwisha kununuliwa na Heathcliff. Anajikokota makusudi, na anapobisha hodi Edgar amekwisha kukata roho. Linton naye anakufa baada ya muda mfupi, akiwa amemwandikia baba yake mali yote inayohamishika. Mashamba yote mawili yamo katika mkono mmoja.

Lakini ukatili mkubwa kuliko wote unamwangukia Hareton, mtoto wa Hindley. Juu ya mlango mkuu wa Wuthering Heights limechongwa jina la babu wa ukoo, Hareton Earnshaw, pamoja na mwaka 1500. Kijana mwenye jina hilohilo, mrithi wa damu, anaishi humo kama kibarua asiye na ujira. Siku moja anaulizwa maandishi yale yanasema nini. Anainua macho, anatukana, kisha anakiri kwamba hajui kuyasoma. Heathcliff amemnyima elimu kwa makusudi, kama Hindley alivyomnyima yeye.

Nyumba ya kasisi

Mtu angetegemea mambo haya yatungwe na wakili mzee au mfanyabiashara aliyefilisika. Lakini mtunzi alikuwa Emily, aliyezaliwa Thornton, Yorkshire, tarehe 30 Julai 1818. Baba yake, Patrick, alikuwa Mwairishi wa familia duni aliyejisukuma hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1820 akawa kasisi wa Haworth. Mama alifariki mwaka 1821 na kuacha watoto sita. Mwaka 1825 dada wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa kutoka shule ya bweni wakiwa na kifua kikuu na wakafa. Emily, mwenye umri wa miaka 6, alikuwa amepelekwa shule hiyohiyo.

Haworth yenyewe ilikuwa mahali pa misiba. Mkaguzi wa afya, Benjamin Babbage, aliripoti mwaka 1850 kwamba zaidi ya watoto 41 katika kila 100 walikufa kabla ya kutimiza miaka 6, na kwamba wastani wa umri wa kufa haukuzidi miaka 26 kijijini hapo. Msomaji wa leo anayeshangaa kwa nini vijana wa riwaya hii wanakufa ovyo akumbuke takwimu hizo. Mwandishi hakuwa akitia chumvi.

Waliobaki, yaani Charlotte, Branwell, Emily na Anne, walijifundisha kutunga. Mwaka 1826 baba aliwaletea askari 12 wa mbao, na kutokana na wanasesere hao wakabuni falme nzima na kuziandikia historia katika vijitabu vidogo mno. Emily na Anne walianzisha ufalme wao, Gondal, wenye wafalme, wasaliti na wapenzi waliolipizana visasi. Emily alipokuwa mtu mzima alipenda kushinda nyumbani. Elizabeth Gaskell, aliyeandika maisha ya Charlotte, anasimulia kwamba Emily alikanda unga wa mkate jikoni huku kitabu cha Kijerumani kikiwa kimesimamishwa wazi mbele yake.

Mara chache alizotoka zilimpa mengi. Mwaka 1838 alikwenda kufundisha shule ya Law Hill, karibu na mji wa Halifax, akakaa miezi michache tu. Nyumba hiyo ilijengwa na Jack Sharp, yatima aliyelelewa na mjomba wake wa ukoo wa Walker, wafanyabiashara wa sufu. Sharp alijitwalia biashara na jumba la ukoo huo. Mrithi halali alipodai nyumba yake, Sharp alihama kwa hasira, akajenga Law Hill jirani na kuendelea kuwaandama waliomlea. Watafiti wengi wa fasihi wanaamini kwamba Emily alizisikia habari hizo huko, na si ajabu. Mifupa ya Heathcliff inaonekana humo.

Kuhusu umbo, alikuta njia imekwisha kufyekwa. Riwaya za Kigothi zilianza Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, na zikajaa makasri ya Italia, mizimu na mabinti waliofungiwa. Emily aliyachukua hayo yote akayaleta kwenye shamba la Yorkshire. Mzimu wake unabisha dirishani usiku wa theluji, mkono ukiwa baridi kama barafu, na anayetusimulia sehemu kubwa ya mkasa ni Nelly Dean, mtumishi wa nyumbani, ameketi anashona.

Dada mtu anaomba radhi

Wahakiki walitofautiana. Wengi walikiri kwamba mwandishi ana nguvu, lakini walichukizwa na ukatili, matusi na kukosekana kwa mtu mwema wa kumshika mkono. Emily alihifadhi maoni hayo. Baada ya kifo chake, tahakiki tano zilikutwa ndani ya sanduku lake la kuandikia.

Hakuishi kuona heshima yake. Branwell, kaka aliyeharibiwa na pombe na kasumba, alifariki Septemba 1848. Emily alianza kuugua baada ya mazishi hayo, akawakataa madaktari karibu hadi siku ya mwisho, na tarehe 19 Desemba akafa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 30. Anne alimfuata Mei 1849. Charlotte, ambaye riwaya yake Jane Eyre ilikuwa imempa umaarufu, alibaki peke yake na baba.

Mwaka 1850 Charlotte alitoa toleo jipya la Wuthering Heights. Alifichua kwamba Ellis Bell alikuwa mdogo wake, akalainisha lahaja nzito ya Joseph, mtumishi mzee, ili wasomaji wa kusini waielewe, na akaandika dibaji. Humo alimtetea Emily kwa namna iliyomdhuru: alimchora kama binti wa kijijini aliyebebwa na kipaji asichokimudu, asiyejua sawasawa alichokuwa akikiumba. Picha hiyo ilishika. Kwa miaka mingi Emily alionekana kama mtu aliyepagawa na upepo wa nyika.

Aliyeivunja picha hiyo alikuwa mwanasheria. Mwaka 1926 C. P. Sanger alichapisha insha fupi kuhusu muundo wa riwaya hii. Alipanga tarehe zote, kuanzia kizazi cha mzee Earnshaw hadi mwisho, akakuta kalenda inakaa sawa. Alichora nasaba za Earnshaw na Linton, akakuta zinalingana kama kitu na kivuli chake kiooni. Kisha akapima sheria za ardhi, za mirathi na za wosia za wakati ule, akaona kwamba mwandishi alizijua vizuri na kuzitumia kwa makini. Mtu aliyepagawa hawezi kupanga hivyo.

Kwa jicho hilo, ndoa ya lazima ya Cathy inaeleweka upya. Katika sheria ya Uingereza ya siku hizo, mwanamke akiolewa, fedha na vitu vyake viligeuka mali ya mumewe. Sheria zilizobadili hali hiyo zilikuja mwaka 1870 na 1882, muda mrefu baada ya Emily kufa. Heathcliff hakuhitaji kumwibia binti wa Edgar hata senti moja. Ilitosha kumwoza.

Nusu iliyokatwa

Mwaka 1939 William Wyler aliipeleka riwaya Hollywood, na Laurence Olivier akawa Heathcliff. Filamu hiyo ilisifiwa sana, lakini haivuki kizazi cha kwanza. Cathy, Linton na Hareton hawamo, na pamoja nao ziliondoka nyaraka nyingi. Kilichobaki ni wapendanao wawili kwenye nyika, na hivyo ndivyo mamilioni ya watu wanavyoijua hadithi hii.

Filamu hiyo ilificha jambo jingine pia. Emily anamweleza Heathcliff kama kijana mweusi wa sura, asiyejulikana asili yake. Wengine wanamwita Mgipsi, na mmoja anamdhania ni laskari, jina la mabaharia wa Bahari ya Hindi waliofanya kazi katika meli za Waingereza. Anaokotwa Liverpool miaka ya 1770, wakati mji huo ulipokuwa bandari kuu ya Uingereza katika biashara ya watumwa. Wyler alimpa nafasi hiyo Mwingereza mweupe. Aliyeigiza Catherine ni Merle Oberon, mzaliwa wa Bombay mwenye damu ya Asia, aliyelazimika kuficha asili yake maisha yake yote na kudai kwamba alizaliwa Tasmania. Ilikuwa mwaka 2011 ndipo ilipotoka filamu ya Andrea Arnold, ambamo James Howson, kijana mweusi, alikuwa Heathcliff.

Wasanii wa nchi nyingine waliielewa riwaya hii mapema. Mwongozaji filamu Luis Buñuel aliihamishia Mexico mwaka 1954. Mwaka 1966 Bombay ilitoa filamu ya Dil Diya Dard Liya, Dilip Kumar akiwa yatima anayedharauliwa na Waheeda Rehman akiwa binti wa nyumba. Sinema za Kihindi zilijaza kumbi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka hiyo, na mkasa wa yatima, kaka katili na urithi haukuwa mgeni kwa watazamaji wa pwani. Maryse Condé, mwandishi wa Guadeloupe, aliihamishia visiwa vya Karibi mwaka 1995, akiweka rangi na utumwa wazi mezani.

Na mwisho wa kisasi? Heathcliff anashinda kila hatua, kisha anachoka. Ana uwezo wa kuwamaliza warithi wa nyumba zote mbili, lakini hamu imemwisha. Anakufa mwaka 1802 kabla ya kuandika wosia. Cathy, aliyekuwa akimcheka Hareton kwa ujinga wake, sasa anaketi naye na kumfundisha kusoma. Ndoa yao imepangwa kufungwa tarehe 1 Januari 1803, na ardhi inarudi kwa wenyewe bila mtu kwenda mahakamani.

Kwa hiyo anayeifahamu Wuthering Heights kwa sinema au kwa sifa za midomoni, aitafute na kuisoma nzima, asiishie pale Catherine anapozikwa. Hapo bado nusu ya kitabu, na nusu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba Emily Brontë alijua vizuri mno alichokuwa akikifanya.