Nyaraka Zisizo za Siri Zilizoitoa Jasho Pentagon

Mwanzoni mwa mwaka 2018, wadukuzi waliohusishwa na serikali ya China waliingia kwenye kompyuta za mkandarasi wa Jeshi la Majini la Marekani na kuchota data gigabaiti 614. Humo mlikuwa na habari za Sea Dragon, mradi wa kombora la kuzamisha meli linalorushwa kutoka kwenye nyambizi. Data hiyo nyeti ilikuwa imehifadhiwa kwenye mtandao wa kawaida wa kampuni, usio wa siri.

Tatizo hilo la taarifa nyeti zisizo na hadhi ya siri lina mizizi mirefu. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alifuta ngazi ya chini kabisa ya usiri serikalini, zikabaki tatu. Lakini bado zilikuwapo nyaraka ambazo hazikustahili kuitwa siri wala kuachwa kila mtu azisome: michoro ya vipuri, taarifa za kodi, mipango ya majengo. Kila idara ikajichongea mhuri wake, uliovuma zaidi ukiwa “Kwa Matumizi Rasmi Tu”. Mihuri ikaongezeka hadi kupita mia moja, na kila mmoja ulikuja na masharti yake.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ilidhihirika kwamba utitiri huo ulizifanya idara zinyimane habari. Rais Bush alianza kuunganisha mihuri mwaka 2008; Rais Obama akakamilisha kwa amri ya Novemba 4, 2010, iliyoikabidhi Idara ya Nyaraka za Taifa kazi ya kuusimamia mfumo mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo idara hiyo ikafungua daftari la kila aina ya taarifa inayopaswa kulindwa, pamoja na sheria inayoilinda.

Hata hivyo, mhuri hauzuii mdukuzi. Mwaka 2016, huko Australia, mdukuzi alijipenyeza katika kampuni ndogo ya mambo ya anga yenye wafanyakazi wapatao 50 na kuiba gigabaiti 30, zikiwemo habari za ndege za kivita za F-35. Kampuni nzima ilikuwa na fundi mmoja tu wa kompyuta. Kwenye huduma zake za mtandaoni, jina la kuingilia lilikuwa “admin”, na nywila nayo ilikuwa “admin”.

Marekani ilikuwa imeshaiona hatari ya namna hiyo. Juni 2015, taasisi yake ya viwango, NIST, ilitoa masharti 109 kwa wakandarasi: akaunti ijifunge mtu akikosea nywila mara kadhaa, mgeni asindikizwe ndani ya ofisi, kumbukumbu za nani kaingia wapi zitunzwe. Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, iliwapa hadi Desemba 31, 2017 kuyatekeleza, na ikawataka waripoti udukuzi ndani ya saa 72. Lakini mkandarasi alijipima mwenyewe, akajipa alama mwenyewe. Mwaka 2022 kampuni ya Aerojet Rocketdyne ilikubali kulipa dola milioni 9 kumaliza kesi iliyofunguliwa na aliyekuwa mfanyakazi wake, aliyedai kwamba iliidanganya serikali kuhusu ulinzi wa mitandao yake.

Udhaifu huo wa kujipima ndio uliozaa mpango wa ukaguzi uitwao CMMC. Toleo la mwaka 2020 lilikuwa na ngazi tano. Baada ya wakandarasi wadogo kulia na gharama, mwaka 2021 zikapunguzwa hadi tatu. Tangu Novemba 10, 2025 masharti yake yameanza kuingizwa kwenye mikataba, na kadiri awamu zinavyosonga, wengi wanaoshika taarifa nyeti watalazimika kukaguliwa na mtu wa nje.

Gharama inawaelemea zaidi wenye karakana ndogo, wanaotengeneza kipuri kimoja tu cha ndege. Lakini michoro ya kipuri hicho inakaa kwenye kompyuta zao, na wadukuzi walilijua hilo kabla ya Pentagon kuanza kudai ukaguzi.