Neno Metanoia na Maana ya Toba Yetu



Kila Kwaresima tunajipanga kwenye kiti cha maungamo. Wengi wetu tunataja dhambi zilezile za mwaka jana, tunapewa malipizi, tunasali Salamu Maria tulizoagizwa, kisha tunarudi nyumbani jinsi tulivyokuja. Je, hiyo ndiyo toba aliyotuitia Bwana? Juma hili tufuatane na neno moja la Kigiriki, kwani historia yake inatujibu.

Neno lenyewe ni metanoia. Mathayo na Marko wanashuhudia kwamba Yesu alianza kuhubiri kwa kutumia kitenzi chake (Mt 4:17, Mk 1:15). Limeundwa na meta, ambayo hapa yadokeza mageuzi, na nous, yaani akili. Katika Kigiriki cha kawaida lilimhusu mtu aliyebadili mawazo baada ya kutambua kosa lake. Waandishi wa Agano Jipya walilitia uzito wa manabii wa Israeli, ambao kwa kitenzi cha Kiebrania shuv waliwaita watu warudi, waiache njia mbaya na kumwelekea Mungu. Ndiyo maana katika Mdo 3:19 Petro anawataka wasikilizaji wake mambo mawili kwa pamoja: kubadili nia na kugeuka.

Injili ilipoingia katika Kilatini, metanoia ikawa paenitentia, neno lenye ladha ya majuto. Mapema katika karne ya 3, Tertuliano wa Karthago alikumbusha kwamba neno la Kigiriki halikutokana na kuungama kosa, bali na kugeuka kwa nia. Karne iliyofuata, Laktansi alikiri kwamba Wagiriki wamelisema vizuri zaidi, akatumia resipiscentia, yaani kurudiwa na fahamu. Hata hivyo paenitentia lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Katika tafsiri ya Mtakatifu Yeronimo, aliyeagizwa na Papa Damaso I kuzisahihisha Injili za Kilatini, Mathayo anasomeka paenitentiam agite. Kadiri karne zilivyopita, wengi waliyasikia maneno hayo kama agizo la kutimiza malipizi tu.

Katika karne ya 15 Lorenzo Valla wa Italia alilinganisha Kilatini na Kigiriki, akaihoji tafsiri hiyo. Erasmus wa Rotterdam alichapisha maelezo ya Valla mwaka 1505, na mwaka 1516 akatoa Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel. Mwaka 1517 Martin Luther aliifungua hoja yake ya kwanza kwa neno hilohilo. Hivyo tafsiri ya neno moja ikawa sehemu ya mabishano yaliyoligawa Kanisa la Magharibi.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, uliitetea Sakramenti ya Kitubio. Lakini tusisahau ulichofundisha hapohapo: majuto ya kweli yana ndani yake nia ya maisha mapya na mwanzo wake. Naye Papa Paulo VI, katika hati yake Paenitemini ya mwaka 1966, alilirudisha neno metanoia lenyewe mbele ya macho yetu. Kanisa halikutenganisha kamwe malipizi na mgeuko wa moyo. Sisi ndio tunaovitenganisha.

Tumtazame Yuda. Alipoona Yesu amehukumiwa, Mathayo anatumia kitenzi metamelomai, yaani kujuta (Mt 27:3). Kitenzi hicho si kibaya chenyewe, maana Mathayo huyohuyo anakitumia kwa mwana aliyekataa kwenda shambani kisha akaenda (Mt 21:29). Tofauti iko katika miguu: yule mwana alikwenda kwa baba yake alikotumwa, lakini majuto ya Yuda yalimpeleka mbali na Bwana. Petro naye alilia kwa uchungu; ila Yesu alikwisha kumtabiria kwamba atageuka, na tena atawaimarisha ndugu zake (Lk 22:32). Wote wawili waliumia moyoni, lakini mmoja tu ndiye aliyerudi.

Wapendwa, lugha yetu imetupa zawadi hapa. Neno toba tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Kila tunaposema “natubu”, tunasema “ninarudi”. Basi asiyesemezana na ndugu yake kwa sababu ya shamba la urithi aweza kumaliza Salamu Maria zake kabla hajainuka kwenye benchi. Sala hizo ni njema, na ondoleo la dhambi ni la kweli. Lakini metanoia yataka zaidi: jioni hiyo abishe hodi kwa ndugu yake.

Tunapojiandaa kuungama, tusiishie kujiuliza, “Nimekosa nini?” Tujiulize pia, “Nikitoka hapa, ninarudi kwa nani?” Na anayeogopa kwamba amekawia mno akumbuke kwamba Petro alimkana Bwana mara tatu, na bado alikuwa na mahali pa kurudi.

Mungu awabariki. Tafakari njema.