Hapo Palikuwa na Gereji

Mwaka nilioacha chuo nilipata kibarua cha mjengo Ngara, kuchimba msingi karibu na mto. Msimamizi alinipa sururu, gambuti kuukuu na onyo moja: nisichelewe. Futi mbili chini, udongo ukageuka mweusi, unang'aa kama mafuta ya chipo yaliyolala. Mzee mmoja tuliyekuwa naye mtaroni akaunusa.

"Kijana, hapo palikuwa na gereji. Usile kabla hujanawa."

Maji ya kunawa hayakuwepo. Tulikula chapo madondo kwa mikono hiyohiyo.

Mzee alikuwa amenisomea historia ya mtaa kwa sentensi moja. Ng'ambo ya mto iko Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, jina la mlowezi Ewart Grogan. Kwa miongo mingi mafundi wa jua kali wamefungua injini huko, oili chafu ikimwagika chini. Petroli yenyewe ilikuwa na madini ya risasi hadi Kenya ilipoachana nayo 2006. Risasi haiozi. Hukaa udongoni, na ukichimba inapanda na vumbi, inaingia kinywani, inafika nyumbani kwa nguo za kazi. Huko inamkuta mtoto, ambaye ubongo wake ndio huumia zaidi.

Jiji hili limeogopa uchafu tangu utoto wake. Tauni ilipozuka 1902, wakoloni walichoma Bazaa ya Wahindi. Lakini kilichozama ardhini hakichomeki. Ama kiachwe, ama kichimbwe, na wa kuchimba ni kibarua. Ukipiga picha pale Michuki Park, kati ya Globe na Museum Hill, kumbuka kwamba kabla ya John Michuki kuanza kuusafisha mto alipokuwa Waziri wa Mazingira, hapo palikuwa jaa na gereji. Jina la waziri liko langoni. Waliozoa takataka hawana kibao.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri apime hatari za kazi na atoe vifaa vya kujikinga. Na si kwamba hatujui sumu hii inaweza kufanya nini. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi mtaa mzima. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, uamuzi ukapinduliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Wakazi walishinda kwa sababu walikuwa na anwani moja, na damu zao zilipimwa. Kibarua wa mjengo leo yuko Ngara, kesho Ruaka, na hakuna anayempima. Akianza kuumwa kichwa na tumbo miaka mitano baadaye, atashtaki shimo gani?

Kwa hivyo ukiitwa mjengo, kabla ya kuuliza pesa ngapi, uliza hapo palikuwa na nini. Uliza maji yako wapi.

Sisi hatukuuliza. Siku ya tatu mzee alikuja na mtungi wa lita tano kutoka kwake, pamoja na kipande cha sabuni. Tulinawa kwa zamu, watu tisa. Maji ya mwisho yalikuwa meusi kama mtaro.