Santuri za Migori na Homa Bay: Sauti bila jina si kumbukumbu

Mwanamuziki Daniel Owino Misiani alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 2006, alikuwa amepiga benga kwa takriban miaka 40. Alizaliwa mwaka wa 1940 karibu na Shirati nchini Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, na bendi yake ya Shirati Jazz ilisikika Migori, Homa Bay na kwingineko.

Kila ninapozungumzia haja ya kuhifadhi kazi za wasanii wa kizazi hicho, hujibiwa hivi: "Profesa, si ziko YouTube? Shida iko wapi?" Hebu tuipime hoja hiyo kwa kutumia historia.

Katika miaka ya 1970, Phares Oluoch Kanindo, aliyewahi pia kuwa mbunge wa Homa Bay, alitoa santuri nyingi za benga na kuziuza hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe, muziki huo ukaitwa "kanindo". Hata mtindo wa huko uitwao sungura ulipata jina kutokana na lebo yake moja. Jina la mfanyabiashara lilivuka mto Zambezi, lakini majina ya waliopiga magitaa yalibaki kwenye karatasi ndogo ya duara katikati ya santuri, kama yaliandikwa. Anayepakia wimbo mtandaoni leo na kuuandika "benga ya zamani" anaendeleza upotevu uo huo, ila kwa kasi zaidi.

Sasa tulinganishe na Hugh Tracey. Mwaka wa 1950 alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet. Pamoja na sauti, aliandika kadi zenye jina la mwimbaji, mahali, lugha na ala. Maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha 1954 nchini Afrika Kusini ilizitunza kadi hizo. Ndiyo maana zaidi ya miaka 60 baadaye, watafiti, wakiwemo wa Ketebul Music ya Nairobi, waliweza kuzirudisha nyimbo hizo kwa jamii iliyoziimba. Sauti ilijua njia ya kurudi nyumbani kwa sababu ilikuwa na anwani.

Basi, kuhifadhi kidijitali si kunakili tu. Santuri husafishwa, huchezwa kwa kasi yake halisi, na sauti huwekwa katika faili kubwa isiyobanwa. Karatasi ya santuri hupigwa picha, pamoja na namba yake. Nakala huwekwa mahali zaidi ya pamoja. Kisha huja kazi ngumu zaidi ya kuuliza: Nani alitunga? Nani alipiga gitaa la solo, na nani la besi? Wimbo unamsema nani?

Swali hilo la mwisho ni zito. Misiani aliimba siasa kwa mafumbo, na mafumbo hayo yalimtia mashakani na serikali. Kompyuta itahifadhi kila neno la Kidholuo alilotamka, lakini haitajua ni kiongozi gani aliyefichwa ndani ya jina la mnyama. Anayejua ni mzee aliyeusikia wimbo ulipotoka.

Kuna suala la haki pia. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 tangu iliporekodiwa, nao utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Hivyo, rekodi za mapema miaka ya 1970 zimeshatoka kwenye ulinzi, ilhali tungo za Misiani zitalindwa hadi mwisho wa 2056. Lakini mjane au mwana wa mtunzi asiyejulikana atadai nini, na kwa ushahidi gani?

Kazi hii inawezekana. Mnamo 2008, Ketebul Music ilikusanya historia ya benga, ikaitoa pamoja na muziki, filamu na kijitabu. Hata hivyo, mradi mmoja wa Nairobi hauwezi kufika kila boma. Katiba imezipa kaunti jukumu la utamaduni, maktaba na makavazi. Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Mwanafunzi mwenye simu, daftari na orodha ya maswali anaweza kuanza Jumamosi hii, kwa ridhaa ya familia, na nakala ibaki kwa familia hiyo.

Santuri ikitunzwa vyema inaweza kungoja bajeti ya mwaka ujao. Mzee anayekumbuka nani alipiga besi hana hakika ya kungoja.